Antena ya Ukubwa wa Kiberiti

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine wakisema hivyo wana maana kwamba wanaipenda familia. Mimi nina maana kwamba sitoki. Newala mjini naenda nikiishiwa risasi ya kulehemu, na Masasi naenda kwenye msiba, tena msiba wenyewe uwe wa mtu wa karibu. Dada yangu aliolewa Lulindi, na kila akinipigia simu huanza kwa kuuliza kama bado nimekaa pale pale aliponiacha. Humjibu kwamba hapana, nimehamia upande wa pili wa baraza, jua limegeuka.

Kwenye baraza hilo, katika kijiji kimoja cha kata ya Makote, ninatengeneza redio. Nilisoma sekondari kule Chidya hadi kidato cha nne, na fizikia nilipata alama ambayo mwalimu aliisoma kwa sauti ya chini, kwa heshima ya wazazi wangu. Lakini antena, hapo usinichezee. Uani kwangu umesimama mwanzi unaoipita mikorosho yote ya jirani, na huko juu nimefunga spoku za baiskeli pamoja na mifuniko mitatu ya sufuria. Mke wangu anasema ni minne, na anazo sufuria nne za kuthibitisha, zote zinafunikwa kwa sahani. Hewa ikiwa safi ninanasa redio za ng'ambo ya Ruvuma, Kireno kitupu. Sielewi hata neno. Nasikiliza kwa sababu zimefika. Mgeni ametoka mbali hivyo, utamzimaje?

Kwa hiyo imani yangu ilikuwa moja: antena iwe ndefu na iwe juu. Nimeishi nayo miaka mingi bila mtu kuigusa.

Halafu dada akapiga simu, na safari hii hakuuliza nimekaa wapi.

"Mtoto anakuja kwako," alisema. "Ana antena yake ya chuo anataka kuijaribu. Nimemwambia kwa mjomba kuna uwanja mpana wa mchanga, na mlinzi hatoki."

Mtoto mwenyewe ni binti yake wa kwanza, anasoma uhandisi wa mawasiliano Dar es Salaam, mwaka wa mwisho. Kwetu huku mtoto wa dada ni wa mjomba. Akifaulu, mjomba anavimba. Akifeli, ukoo unauliza mjomba alikuwa wapi, na kwa upande wangu jibu linajulikana na kila mtu. Nikaamka mapema nikamtafutia mwanzi mzuri, mnyoofu, nikauegemeza ukutani tayari.

Alifika na begi mgongoni na sanduku mkononi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Antena iko wapi? Imebaki kwenye gari?"

Akafungua sanduku, akatoa kitambaa, akakikunjua polepole kama anayefungua kidonda. Ndani mlikuwa na vibao viwili vyembamba, kila kimoja kama kiberiti, vimepakwa shaba upande mmoja na shaba yenyewe imekatwakatwa vijia.

"Hizi sampuli," nikasema.

"Ndizo zenyewe, mjomba."

"Zikikua zitafika wapi?"

Akacheka, na hapo ndipo nilipojua nina mgeni wa kufaa. Akanieleza. Redio yangu inasikiliza stesheni moja moja. Antena yake inasema kwa masafa mengi mno kwa mpigo mmoja mfupi, mawimbi marefu na mafupi yote pamoja, kwa nguvu iliyo ndogo kuliko ya simu ya mkononi. Ukipenda unatuma nayo picha kutoka chumba hadi chumba bila waya. Ukipenda unaiinamisha chini, kibao kimoja kinapiga mawimbi, cha pili kinasikiliza yanayorudi, na kompyuta inachora kilichofukiwa bila mtu kushika jembe. Tatizo ni kwamba mawimbi marefu ndiyo yanayozama ardhini zaidi, na hayo yanataka antena kubwa. Wenzake walitengeneza antena za ukubwa wa sinia. Yeye alitaka ya mfukoni, ndipo akakata vile vijia kwenye shaba ili umeme uzunguke.

"Uzunguke kwa nini?"

"Ili utembee njia ndefu mahali padogo. Mjomba, ile barabara ya kupanda huku Newala. Mlima si mkubwa hivyo, lakini barabara ni ndefu. Kwa nini?"

"Kona."

"Basi nimeweka kona."

Nilielewa mara moja, na jambo hilo lilinikera siku nzima.

Mama yangu mzazi anaishi nasi, na alikuwa amekaa kwenye mkeka wake akimenya ming'oko, vile viazi vya porini, anasikiliza. Sasa nieleze kidogo. Bibi na mjukuu kwetu ni watani. Mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, hata kama mume wanayegombea alishazikwa zamani, na wakiwa kwenye utani huo hakuna neno lisilosemeka. Mimi ambaye ni mtoto wake wa kumzaa, ningethubutu robo ya maneno hayo, wazee wangeitwa kikao.

"Mke mwenzangu," mama akasema, "umesoma mpaka macho yamevaa miwani, umeturudia na biskuti mbili?"

"Ndiyo maana marehemu babu alinipenda mimi," akajibiwa. "Wewe uliishia kwenye ugali."

Ili kumkomesha, binti akaenda jikoni na kibao kimoja, akakiacha kingine barazani kwenye kompyuta, na picha ya mama aliyokuwa amempiga muda si mrefu ikatokea mbele yetu. Mimi nilipiga makofi. Mama aliitazama sana.

"Hii imetoka jikoni?"

"Ndiyo bibi, bila waya."

"Na mimi nimekaa wapi?"

"Hapa barazani."

"Sasa ilienda jikoni kufanya nini?"

Tulicheka, lakini binti hakuja kwa ajili ya kuchekwa, na jioni hiyo tukila aliniambia ukweli wote. Mwalimu anayemsimamia alikuwa ameshaziona picha alizopiga maabara, kwenye kasha la mchanga, na akasema zinapendeza mno. Vitu alivifukia mwenyewe, akavitafuta mwenyewe, akavipata mwenyewe. Aende kwenye ardhi ya kweli, vitu vifukiwe na watu wengine, yeye asijue ni nini wala viko chini kiasi gani, kisha alete picha. Akikosea, basi ni kurudi mwanzo, kuchora antena upya, na wenzake watahitimu yeye akiwa bado anakata shaba. Vibao vilikuwa viwili tu vilivyobaki, vingine viliharibika kwenye majaribio. Na basi lake la kurudi lilikuwa keshokutwa alfajiri.

"Ningekushauri urefushe kidogo," nikasema. "Spoku moja tu."

"Mjomba, ukiigusa nitalia."

Asubuhi tukapanga kazi. Vijiti vitatu vikasimikwa uani, mbalimbali. Kila mmoja wetu, mke wangu, mimi na mama, atafukia kitu kimoja kwenye kijiti chake, na binti atakaa ndani mlango umefungwa mpaka aitwe. Antena zilihitaji kitu cha kupandishwa ili ziburutwe juu ya mchanga. Nikamletea toroli. Akasema chuma hakifai, kitazipofusha. Nikaleta karai. Akanitazama. Mwishowe tukachukua beseni la plastiki la mke wangu, lile analolowekea muhogo, tukafunga vibao chini ndani yake, na kamba ya katani mbele ya kuvutia.

"Mifuniko imekwisha, sasa ni beseni," mke wangu akasema. "Kesho mtachukua kitanda."

Tukafukia. Mama alikataa kusaidiwa. Alitufukuza, akatumia jembe lake dogo, akatumia muda mrefu kuliko sisi wote, akarudi anapangusa mikono na kusema, "Changu mimi ni kitu cha siku nyingi. Mkikivunja mtanijua."

Binti akaitwa. Akaanza kuvuta beseni polepole kupita kijiti cha kwanza, mimi nimemshikia kompyuta nyuma yake kama mbeba mwavuli wa bwana harusi.

"Mke mwenzangu, kwa umri wako mimi nilikuwa na watoto," mama akasema toka mkekani. "Wewe unavuta beseni."

Kwenye kioo cha kompyuta mistari ilikuwa imelala kama mkeka. Tulipofika kwenye kijiti, mistari ikanyanyuka, ikajikunja, ikashuka tena. Mgongo wa kobe kabisa. Binti akarudia kwa upande wa pili, akahesabu mambo yake.

"Chuma," akasema. "Bapa. Kama sahani hivi, lakini upande mmoja ni mnene."

Mke wangu akafukua. Jembe lisilo na mpini. Aliliangalia jembe, akaiangalia antena, akamwangalia binti, na tangu dakika hiyo hakutaja tena beseni lake.

Kijiti cha pili kilikuwa changu. Kobe wa safari hii alikuwa mkubwa na mweusi ti.

"Maji," binti akasema. "Mjomba, umefukia maji. Mengi."

Nikashangilia mwenyewe. Nikalifukua dumu langu, limejaa, limefungwa vizuri. Sikuwa nimefikiria mke wangu atalipokeaje.

"Maji!" akasema. "Bomba halijatoa tangu juma lililopita, watu wanashuka bondeni, na wewe unayafukia! Unapanda? Yataota?"

"Ni ya kisayansi."

"Nenda kaoge kisayansi."

Akalibeba dumu lake jikoni. Binti alikuwa akicheka mpaka miwani imeteremka puani. Viwili kwa viwili, ardhi ya kweli, antena za kiberiti. Kilibaki kimoja.

Tukapita kijiti cha mama. Mistari ikalala. Tukarudi. Ikalala. Hapakuwa na kobe wala mjusi. Palikuwa na ukungu tu, mahali mistari ilipochafuka kidogo, kama mtu amepitisha kidole kwenye rangi mbichi.

Binti akaacha kucheka. Akakagua waya. Akafunga upya vibao. Akapita kwa urefu, akapita kwa upana, akapita kwa pembe. Ukungu ule ule.

"Bibi, ulifukia chini sana?"

"Nguvu hizo nitoe wapi?"

"Ni kitu kigumu?"

"Mwenye mashine ni nani, mimi au wewe?"

Jua likapanda. Alipita mpaka pale uani pakawa na njia zinazong'aa kama za konokono. Nilimwona midomo inabadilika, inakuwa ile ya utotoni, alipokuwa akija likizo na kushindwa na mdogo wake kwenye mchezo wa rede. Nikampeleka pembeni.

"Sikiliza," nikamwambia. "Wewe andika kuna kitu kidogo, cha mti. Nani atajua?"

"Mimi nitajua, mjomba. Na kama haioni kitu cha tatu, basi hata vile viwili ni bahati."

Akakaa kwenye kizingiti, akavua miwani. Halafu akasema neno ambalo nilikuwa nalisubiri tangu afike, na nilipolisikia halikuwa na utamu hata kidogo.

"Mjomba, weka hiyo spoku. Labda mawimbi marefu hayatoki kabisa. Labda vijia vyangu havifanyi kazi. Tuirefushe, tuone."

Nikachochea makaa, nikatia chuma changu cha kulehemu. Nikachagua spoku nzuri kuliko zote, nikaisugua ing'ae. Akanikabidhi kibao kimoja, na mimi nikakishika kiganjani. Hakina uzito. Nilikuwa nimetengeneza redio zilizoangushwa kisimani na redio zilizokaliwa na kuku, na sikuwahi kumuuliza mwenyewe pa kugusa.

"Nilehemu wapi?" nikauliza.

"Popote."

"Hapana popote. Hiki kijia kirefu cha ukingoni kazi yake nini? Nisije nikaziba barabara."

Akavuta pumzi kama mwalimu aliyepewa darasa la mwisho la siku. "Hicho ndicho cha mawimbi marefu, yanayozama chini."

"Na hivi vifupi?"

"Vya mawimbi mafupi. Hayo ndiyo yanayoona vitu vidogo. Bila hayo usingeuona hata huo ukungu."

"Ukungu wenyewe ni nini?"

"Ni udongo uliolegea, mjomba. Mtu akichimba na kufukia, mchanga haukai tena kama ulivyo..."

Chuma changu kilikuwa kimeshakuwa chekundu. Nikakinyanyua kutoka kwenye makaa, na yeye akanidaka mkono.

"Ngoja. Inaona udongo uliochimbwa. Inaona mpaka shimo limeishia wapi. Mjomba, kama inaliona shimo, itakosaje kuona kilichomo?"

"Labda ni kidogo sana."

"Au hakimo."

Tulitazama mkekani kwa pamoja. Mama alikuwa anamenya ming'oko kwa bidii isiyo ya kawaida.

Sasa elewa hali ilivyokuwa. Mzee amesema amefukia kitu. Mimi siwezi kwenda kumwambia mama yangu hakufukia. Mke wangu ndiyo kabisa, angeonekana ametumwa na shetani. Na binti mwenyewe, asubuhi nzima, alikuwa anaongea na bibi yake kama mhandisi anavyoongea na mzee wa kijiji, kwa adabu, bibi samahani, bibi labda mashine. Nilimwona akivaa miwani yake, akipangusa mchanga magotini, akienda taratibu mpaka mbele ya mkeka, akashika kiuno.

"Mke mwenzangu," akasema, "muongo wewe."

Jikoni sahani ilianguka.

Mama hakuinua uso. "Nani muongo?"

"Wewe bibi kizee usiye na meno. Shimo lako ni tupu. Umechimba mpaka hapa," akapima kwenye goti, "ukalifukia halina kitu. Ndiyo maana babu alikuwa analala barazani."

Nilifumba macho. Halafu nikasikia kicheko, kile cha mama cha kukohoa, kinachoanzia tumboni na kumaliza machoni.

"Fukua," akasema.

Binti akafukua kwa mikono yake miwili, mchanga unaruka mpaka barazani. Akafika pagumu, pale pale aliposema kwamba shimo linaishia. Hakuna kitu. Akakaa ndani ya shimo lile miguu imenyooka, akacheka huku analia, na mama akawa anamtupia maganda ya ming'oko kichwani.

"Lakini mama," nikasema, "kwa nini?"

"Utani."

"Mtoto alikuwa anakaribia kuharibu antena yake! Chuma kimeshapata moto!"

"Hicho chuma ni chako," akanijibu. Baadaye kidogo, binti alipoingia ndani kuhifadhi picha zake, mama aliniita karibu. "Nilichimba," akanong'ona, "nikachoka. Nikakaa. Nilipoinuka nimesahau nilitaka kufukia nini. Nikaona nifukie tu. Ukimwambia mke mwenzangu, nitakulaani."

Kwa hiyo mpaka leo sijui kama ilikuwa utani au uzee, na nikimuuliza anajibu tofauti kila mara, kutegemea nani yuko karibu.

Mchana ule binti alinibandika vibao viwili kichwani, kimoja kila upande, kwa sababu alisema wenzake wengine chuoni wanatafuta kutumia antena za namna hii kutazama ndani ya mwili wa mtu, na yeye alitaka kuona kama mawimbi yanapita. Nilikaa kimya kwenye kiti changu. Mke wangu alikuja kusimama nyuma ya kompyuta, mama akasaidiwa kuinuka, wote watatu wakainamia kioo.

"Inasemaje?" nikauliza.

"Usitingishike," mke wangu akasema.

"Bibi," binti akaita, "njoo uone. Mbona kama shimo lako?"

Aliondoka alfajiri iliyofuata. Mimi nilimsindikiza mpaka njia inapoanzia, yaani mwisho wa ua. Antena zilikuwa kwenye kitambaa chao, hazina spoku. Siku chache baadaye dada akapiga. Mwalimu alikuwa amezipitia picha zote, jembe akalipita, maji akayapita, akakaa sana kwenye ile ya shimo tupu. Akauliza ni nani aliyepata wazo la kumtega hivyo. Mtoto wake, dada alisema, atahitimu na wenzake.

"Na wewe ulimsaidia nini?" akauliza.

"Niliwasha moto," nikamwambia.

Mwanzi niliomtafutia bado umeegemea ukutani. Mke wangu anautazama kila akipita, kisha anaenda jikoni kuhesabu sahani.